Sarafu za Zamani: Namna ya Kuitambua Iliyo ya Kweli na Kuijua Thamani Yake

(Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wenyeji wa Nyamasaria, karibu na Kisumu.)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya sarafu za zamani, na sababu ya kuombwa si siri. Mara kwa mara husikika uvumi sokoni kwamba shilingi kuukuu ya wakati wa Mwingereza hununuliwa kwa malaki na matajiri wasiojulikana. Huja mtu mwenye simu nzuri, akapiga picha sarafu iliyokuwa katika kopo la bibi, akasema kwamba yuko mnunuzi Nairobi au Dubai anayeingoja. Kisha huomba shilingi elfu chache za kuiandikisha, nyingine za kuipima, nyingine za karatasi za benki; na fedha hizo zikiisha kulipwa, simu yake haipatikani tena. Yuko na mwingine, naye haongezi maneno mengi. Huja na mfuko, akanunua kopo zima la rupia kwa bei ya kilo mbili za sukari, akaenda zake. Mama aliyeuza hajui aliuza nini, wala hatajua, na ada ya shule ya mjukuu wake ilikuwa ndani ya kopo lile.

Kwanza yafaa tujue sarafu hizi zilifikaje huku. Kabla reli haijafika ziwani, watu wa Nyanza walibadilishana mali kwa mifugo, majembe, shanga na kauri, zile ambazo Wajaluo huziita gagi. Reli ilifika Kisumu, iliyoitwa wakati ule Port Florence, mwezi wa Desemba 1901, na pamoja nayo ikaja rupia ya Bara Hindi kwa wingi. Mshahara wa kibarua, kodi ya nyumba, na bei ya nguo dukani, vyote vikahesabiwa kwa rupia. Mwaka wa 1920 rupia iliondolewa, ikawekwa florini. Lakini florini nayo haikukaa, maana mwaka uliofuata zilianza kupigwa shilingi, na shilingi ndiyo iliyodumu. Kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, na makao yake yalikuwa London. Kenya ilipata sarafu zake yenyewe mwaka 1966, zenye picha ya Mzee Jomo Kenyatta.

Historia hiyo ingali vinywani mwetu. Anayesema “hela” anataja sarafu ya Wajerumani wa Tanganyika iliyoitwa Heller. “Sumuni” ni neno la Kiarabu lenye maana ya moja ya nane, yaani sehemu ya nane ya riale. Senti tano iliitwa ndururu, na senti kumi yenye tundu wazee wa hapa waliiita otonglo. Tundu lile lilikuwa na faida yake, kwa kuwa mtu asiye na mfuko aliweza kuzitunga sarafu katika uzi, akajifunga.

Basi mtu akishika sarafu mkononi, yampasa aulize maswali matatu kwa utaratibu huu: Je, ni ya kweli? Iko katika hali gani? Tena, ziko ngapi duniani, na nani azitakaye? Watu wengi huruka mawili ya kwanza wakakimbilia bei, na hapo ndipo wanapopotea.

Tuanze na ukweli wake, tukitumia shilingi ya Afrika Mashariki kuwa mfano, maana ndiyo iliyo nyingi katika nyumba zetu. Upande mmoja ina kichwa cha mfalme mwenye taji, na upande wa pili simba amesimama, na milima nyuma yake. Uzito wake ikiwa haijalika ni gramu 7.78, na upana wake ni karibu milimita 28. Iliyochakaa sana itapungua kidogo, lakini haitapungua gramu nzima, wala haitaongezeka hata kidogo. Sonara yeyote mjini Kisumu anayo mizani iwezayo kuonyesha jambo hilo kwa dakika moja. Mkiwa na shilingi mnayoijua kwamba ni ya kweli, iwekeni kando ya ile mnayoishuku, mzilinganishe upana, unene, na mifereji ya ukingoni.

Sarafu ya kweli hupigwa: kipande cha madini huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, kikagandamizwa kwa nguvu nyingi. Kwa hiyo herufi zake husimama wazi, na uwanda wake huwa laini. Sarafu nyingi za uongo humiminwa katika kalibu kama risasi ya kuvulia samaki. Nazo hujitambulisha kwa vitundu vidogo kama makovu ya ndui, kwa herufi zilizolegea, na kwa mshono unaozunguka ukingo. Sumaku nayo husaidia. Fedha, dhahabu na shaba hazinaswi na sumaku. Basi ukiona rupia ya fedha imerukia sumaku, usiendelee kuulizia bei yake. Lakini msigeuze kanuni hiyo mkasema kwamba kila kisichonaswa ni fedha, kwa maana risasi na bati pia hazinaswi, na mdanganyifu alijua hivyo kabla yenu.

Yako mambo mengine ambayo hayahitaji chombo, ila kusoma tu. Mtu akikuletea shilingi ya Afrika Mashariki yenye kichwa cha Malkia Elizabeth, mrudishie. Shilingi hizo zilipigwa kwa mara ya mwisho na tarehe ya 1952, zikiwa bado na kichwa cha Mfalme George wa Sita. Kichwa cha Malkia kilionekana katika sumuni tangu 1954, wala hakikuingia katika shilingi kamwe. Tena, zile zilizopigwa mpaka mwaka 1946 zina herufi IND. IMP. pembeni, ambazo kwa Kilatini humaanisha kwamba mfalme alikuwa pia mfalme mkuu wa Bara Hindi. Bara Hindi ilipata uhuru mwaka 1947, na maneno hayo yakaondolewa katika shilingi za mwaka 1948 na za baadaye. Alama hiyo ndogo ina faida kubwa kwa muuzaji, kama nitakavyoeleza.

Chini ya tarehe au karibu nayo mwaweza kuona pia herufi ndogo. H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham. KN ni King's Norton, huko huko Birmingham. I ni Bombay. SA ni Pretoria. Bombay na Pretoria zilitumika wakati wa vita vikuu vya pili. Herufi hizi si kasoro wala si alama za siri za matajiri, ingawa nimesikia zikielezwa hivyo. Lakini mkusanyaji hulipa bei mbalimbali kwa herufi mbalimbali za mwaka ule ule. Basi unapomwandikia mnunuzi, mtajie herufi pamoja na tarehe.

Juu ya tarehe, iko sarafu moja iliyowakosesha wengi. Ni ile riale kubwa ya fedha yenye kifua cha mwanamke mnene aliyefunikwa kichwa, Maria Theresa wa Austria, na tarehe ya 1780. Malkia huyo alifariki mwaka huo. Wafanya biashara wa Bahari ya Sham, wa Uhabeshi na wa pwani yetu walikuwa wameizoea sura yake, wala hawakukubali nyingine; kwa hiyo viwanda viliendelea kuipiga kwa tarehe ile ile: Vienna, Rome, London, Paris, Brussels, Birmingham, na Bombay katika miaka ya 1940 na 1941. Vienna huipiga hata leo. Askari wetu waliopigana Uhabeshi mwaka 1941 walipita katika nchi ambamo riale hiyo ndiyo iliyokuwa pesa, na si ajabu kuikuta katika sanduku la babu. Uzito wake ni gramu 28.07, na ukingoni ina maneno ya Kilatini yenye maana ya haki na huruma. Ni fedha ya kweli, na ina bei yake. Ila asiwadanganye mtu kwamba ina umri wa zaidi ya miaka mia mbili kwa sababu imeandikwa 1780.

Sasa hali. Wenye kazi hii huko Uingereza huzipanga sarafu kwa ngazi, tangu iliyochakaa hata haisomeki, mpaka ile ambayo haijapita mkononi mwa mtu. Wamarekani hutumia hesabu ya 1 hadi 70, iliyotungwa na bwana mmoja aitwaye William Sheldon katika kitabu chake cha mwaka 1949 juu ya senti za shaba za kwao. Ishirini hivi ni iliyotumika sana lakini yasomeka vema. Kuanzia sitini ni ile isiyotumika kabisa. Ninyi mwaweza kuanza bila hesabu hizo. Ielekezeni shilingi penye mwanga wa dirisha, mtazame mahali palipoinuka zaidi, maana ndipo panapolika kwanza: nyusi na sikio la mfalme, lulu za taji yake, manyoya ya shingo ya simba. Kama manyoya yamekuwa uwanda mtupu, sarafu imechakaa. Kama kila unywele waonekana, lakini mng'aro umetoweka juu ya sehemu zilizoinuka, imetumika kidogo. Na kama ukiigeuza geuza nuru yazunguka juu yake kama njiti za gurudumu la baiskeli linalokwenda, basi haijatumika, na usiiguse tena ila kwa ukingo.

Hapo ndipo ninapotaka msikilize zaidi, hasa akina mama. Msizisafishe! Najua ni heshima ya nyumba kwamba kitu kikiuzwa kiwe kinang'aa. Tumefundishwa kusugua sufuria kwa majivu na mchanga, na shaba kwa ndimu na chumvi, na kazi hiyo ni njema kwa sufuria. Sarafu ikisuguliwa hupoteza ule uso wake wa asili, na hakuna fundi duniani awezaye kuurudisha. Mzee mmoja wa upande wa Ahero alikuwa na rupia kumi na moja zilizofungwa katika kitambaa tangu kabla ya vita vya kwanza, nyeusi kama makaa. Aliposikia kwamba mnunuzi anakuja, alizisugua usiku kucha kwa majivu na brashi ya meno. Mnunuzi alipozitazama alizipima pamoja kwa mizani, akalipa bei ya madini tu. Weusi ule ulikuwa ni ngozi ya fedha iliyokaa miaka mingi, na wakusanyaji huupenda. Kama kuna udongo, lowesha sarafu katika maji safi, uiache ikauke juu ya kitambaa bila kuifuta. Wala msiziweke katika mifuko laini ya plastiki, ambayo kwa joto na unyevu wa ziwa hili hutoa ute wa kijani unaokula shaba. Bahasha ya karatasi kavu yatosha, sarafu moja katika bahasha moja.

Swali la tatu ni thamani, na hapa lugha yetu yenyewe yaweza kututatiza, maana neno “fedha” ni pesa, na tena ni madini. Nitasema “fedha” kwa madini tu.

Kila sarafu ya fedha ina bei ya chini ambayo haipaswi kushuka, nayo ni bei ya madini yaliyomo. Shilingi za Afrika Mashariki kuanzia 1921 hata 1946 zina robo moja ya fedha. Zile za 1948 mpaka 1952 ni shaba na nikeli tu, hazina fedha hata chembe. Sasa mwaona faida ya zile herufi IND. IMP. Shilingi kumi na sita zenye fedha hutoa wakia moja ya fedha safi, yaani gramu 31.1, na bei ya wakia hutangazwa kila siku ulimwenguni. Kijana yeyote mwenye simu aweza kuiangalia. Florini ina nusu ya fedha, uzito gramu 11.66, hivyo florini moja ina fedha sawasawa na shilingi tatu. Rupia ya Bara Hindi ya zamani, ya wakati wa Malkia Victoria, wa Edward wa Saba na wa George wa Tano, ina uzito ule ule wa florini, lakini karibu yote ni fedha: sehemu 917 katika elfu. Rupia tatu hupita wakia moja. Fanyeni hesabu hiyo kabla mwenye mfuko hajafika mlangoni. Sonara atakata kitu kwa kazi yake ya kuyeyusha na kwa faida yake, nayo ni haki. Lakini akitaja robo ya bei ya wakia, mwageni kwa adabu.

Juu ya bei hiyo ya chini ndipo huja bei ya uchache na ya hamu ya wakusanyaji, na hiyo haifuati umri. Mathalan, senti tano na senti kumi za mwaka 1936 zina jina la Edward wa Nane, mfalme aliyekaa katika enzi kwa miezi kumi na moja isiyotimia, akajiuzulu mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Kwao Uingereza hakuna sarafu yake iliyotoka kutumika madukani. Kwetu zilitoka, kwa sababu sarafu zenye tundu hazikuhitaji kichwa cha mfalme, jina tu likatosha. Watu husikia habari hiyo, wakadhani wana hazina. Lakini zilipigwa kwa mamilioni, na iliyochakaa hununuliwa kwa bei ndogo sana popote duniani. Ni sarafu ya kumsimulia mjukuu zaidi kuliko ya kuuza.

Florini ya 1920 ni kinyume chake. Ilitumika muda mfupi, nyingi zikarudishwa na kuyeyushwa. Kwa hiyo ikiwa katika hali nzuri hutafutwa, na ile ya 1921 ni adimu zaidi. Rupia ya Mombasa ya mwaka 1888, iliyopigwa kwa ajili ya ile Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki na yenye picha ya mizani, pia hutafutwa. Kileleni iko sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa na Wajerumani huko Tabora mwaka 1916, katika karakana ya reli, walipokuwa wamezingirwa na vita: ina tembo mbele ya mlima, nazo zilikuwa 16,198 tu. Hiyo huuzwa kwa maelfu ya dola, na kwa sababu hiyo hiyo huigizwa sana. Ukiikuta kwa bei rahisi, bila shaka umeikuta ya uongo.

Na zile za Kenya huru? Shilingi zenye Mzee Kenyatta hazina fedha ndani, wala hazina zebaki kama wanavyodai wengine. Zebaki ni madini yaliyo maji katika hali ya hewa yetu. Asiyeamini na amwulize mwalimu yeyote wa sayansi kama maji yaweza kupigwa muhuri. Shilingi arobaini ya 2003, ya kuadhimisha miaka arobaini ya uhuru, ni pesa halali, na dukani ni shilingi arobaini. Inayostahili kutazamwa mara mbili ni shilingi tano ya mwaka 1973, yenye pembe tisa, ya miaka kumi ya uhuru, maana hiyo haionekani mara nyingi.

Yako pia mambo ya sheria. Kwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa Kenya au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, na kukipeleka nje bila kibali ni kosa. Rupia ya Mombasa imo katika hesabu hiyo. Na mtu akipata sarafu ardhini, akilima au akichimba msingi, aiache mahali pake ikiwezekana, aweke alama, atoe habari. Mwaka wa 2010 huko Mambrui, karibu na Malindi, na tena mwaka 2013 katika kisiwa cha Manda, wachimbuzi walipata sarafu za shaba zenye tundu la pembe nne na jina la Yongle, aliyetawala China mpaka mwaka 1424. Katika duka la sarafu kitu kama hicho ni cha bei ndogo. Kikiwa katika udongo wa Manda, ni ushahidi wa safari za bahari; na mtu angekitoa na kukitia mfukoni, ushahidi ungekufa.

Kwa wale walio na hofu ya kwenda mbali, Makumbusho ya Kisumu yako katika barabara hii hii ya Nairobi, kabla hujaingia mjini. Kwa kuuza, onyesheni sarafu kwa watu wawili au watatu wasiojuana, mlinganishe maneno yao. Picha pigeni wenyewe, pande zote mbili, na sarafu isiondoke mkononi mwenu. Wako huko Marekani wenye kazi ya kupima sarafu na kuzifungia katika kasha gumu la plastiki lenye nambari. Hao ni wa kweli, na ada yao ni ya kweli, lakini ada hiyo hupita bei ya shilingi ya kawaida mara nyingi, na makasha nayo yameanza kuigizwa. Mnunuzi halisi huja na pesa. Akitaka ninyi mtoe pesa kwanza, ya kuandikisha au ya jina lingine lolote, mazungumzo yamekwisha.

Bwana Mwenyekiti, nimeleta mizani ya sonara, sumaku, na lenzi ya kukuzia, viko hapa juu ya meza. Mwenye kopo lake na aje, mmoja baada ya mwingine, akina mama wazee watangulie. Sitanunua chochote, wala sitataja bei ya mtu mbele ya watu; nitamwandikia katika karatasi tarehe, herufi, uzito na hali ya kila sarafu, kisha atakwenda nayo nyumbani.